Kibofu Kilitibiwa, Mlango Ukasahauliwa: Kisa cha Kuvuja Mkojo Baada ya Kuondolewa Tezi Dume

Kisa hiki ni cha mgonjwa mmoja tuliyemhudumia kwa zaidi ya miaka miwili. Jina, mahali, tarehe na kazi yake nimeviondoa, na mambo madogo yasiyogusa tiba nimeyabadilisha ili asitambulike. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya njia ya mkojo. Baadhi ya makosa nitakayoyataja yalipita mikononi mwangu, na ndiyo yaliyonifanya niandike.

## Historia ya mgonjwa

Ni mwanamume aliyevuka miaka sitini, ana mke, na kazi yake ni ya kusimama na kunyanyua vitu. Saratani ya tezi dume iligunduliwa ikiwa bado haijatoka nje ya tezi, akafanyiwa upasuaji wa kuiondoa tezi yote. Hakuhitaji mionzi. PSA, kipimo cha damu cha kufuatilia saratani hii, ilishuka hadi kiwango kisichosomeka na imebaki hapo. Kwa upande wa saratani habari zake ni njema na sitazirudia.

Kabla ya upasuaji hakuwahi kuvuja hata tone. Mpira wa mkojo ulipotolewa, wiki mbili hivi baadaye, alisimama kutoka kitandani na mkojo ukamshuka miguuni mpaka sakafuni. Muuguzi wa zamu alimpa pedi na kumwambia, "Ni kawaida, mzee, itaisha yenyewe."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Mwanamume ana milango miwili ya kuzuia mkojo. Wa kwanza uko shingoni mwa kibofu na hujifunga wenyewe bila mtu kufikiri. Wa pili uko chini tu ya tezi dume: ni msuli unaouzunguka mrija wa mkojo, ukisaidiwa na misuli ya sakafu ya nyonga. Tezi ikiondolewa, mlango wa kwanza huharibika au huondoka nayo, kibofu hushonwa moja kwa moja kwenye mrija, na mzigo wote huuangukia mlango wa pili, ambao nao huenda umeumia au mishipa yake ya fahamu imeguswa. Kwa hiyo karibu kila mwanamume huvuja mwanzoni, na wengi hupata nafuu kubwa ndani ya mwaka mmoja, hasa miezi sita ya kwanza. Shida ya "itaisha yenyewe" ni kwamba haikumwambia afanye nini leo, wala arudi lini ikiwa haikuisha.

## Mambo yalivyokwenda

Katika miezi mitatu ya kwanza alikuwa akitumia pedi nne au tano kwa siku. Kwenye karatasi ya kuruhusiwa kulikuwa na mstari mmoja: fanya mazoezi ya kukaza misuli ya nyonga. Hakuna aliyemwonyesha namna ya kuyafanya. Alijifunza mwenyewe kwa kukisia, na kwa kuwa ni mtu wa bidii, akafikia kukaza mara mia tatu kwa siku. Kila jioni alivuja kuliko asubuhi. Akaongeza bidii.

Mwezi wa tano alikuja kliniki kwetu. Zamu ilikuwa yangu. Nilimuuliza unakwenda chooni mara ngapi, akajibu kila saa, wakati mwingine kabla ya saa kuisha. Nikaandika: kwenda haja ndogo mara kwa mara, anavuja. Daktari alisoma nilichoandika, akampa oksibutini, dawa ya kutuliza kibofu kinachojikaza ovyo. Kwa maelezo yale ilikuwa dawa ya haki. Maelezo ndiyo yaliyokuwa na kasoro.

Aliitumia miezi miwili na nusu. Mdomo ulimkauka, akapata choo kigumu, na kila alipojikamua chooni mkojo ulitoka kwa mbele. Wakati huohuo alikuwa amejipunguzia maji hadi glasi tatu kwa siku. Mkojo ukawa mzito na wenye harufu kali, ngozi ya mapajani ikababuka. Aliacha kukaa na wenzake baada ya kazi. Ibadani alihamia safu ya mwisho, karibu na mlango. Yeye na mkewe walikuwa wakilala vyumba tofauti, jambo ambalo hakulitaja mpaka tulipomuuliza mkewe.

## Siku tuliyouliza swali sahihi

Mwezi wa nane alirudi kuomba pedi kubwa zaidi. Siku hiyo tulikuwa na mtaalamu wa fiziotherapia anayeshughulika na nyonga tu. Hakumuuliza anakwenda mara ngapi. Alimuuliza, "Mzee, unavuja wakati gani?"

Alifikiri kidogo. "Nikiinuka kwenye kiti. Nikikohoa. Nikibeba kitu." Kisha akanigeukia mimi, kwa sababu alikuwa amenizoea: "Dada, mimi siku hizi naogopa kucheka."

"Na usiku?"

"Usiku naamka mkavu."

Jibu hilo la mwisho liligeuza kisa kizima. Kibofu kinachojikaza ovyo hakingoji mwenyewe aamke. Kwa kawaida kitamsumbua usiku na kumkimbiza chooni mchana kwa hamu ya ghafla. Huyu hakuwa na hamu ya ghafla. Alivuja pale tumbo lilipokisukuma kibofu na mlango ukashindwa kuhimili. Akilala, uzito hauko juu ya mlango, na alibaki mkavu. Kule kwenda chooni kila saa kulikuwa ulinzi wake: alikimwaga kibofu mapema ili kisiwe na cha kuvuja. Tulikuwa tumeitibu kinga yake tukidhani ndiyo ugonjwa.

Siku hiyohiyo mkojo wake ulipimwa, hakukuwa na maambukizi. Ultrasaundi baada ya kukojoa ilionyesha mililita 20 tu zimebaki kibofuni, kwa hiyo hakuwa akivuja kwa kufurika, jambo linaloweza kutokea pale kibofu kilipounganishwa na mrija pakisinyaa kwa kovu. Tulimpa daftari la siku tatu la kuandika anachokunywa, anachokojoa na saa anazovuja. Tukamwambia pia akusanye pedi zote za saa 24 kwenye mfuko uliofungwa, azipime kwenye mzani mdogo, kisha atoe uzito wa pedi hizo zikiwa kavu. Gramu moja ni karibu sawa na mililita moja ya mkojo. Alileta hesabu iliyoandikwa kwa mwandiko safi: gramu 540.

Nilikaa na namba ile kwa muda. Miezi yote tulikuwa tunaandika "pedi nne", "pedi tano". Pedi si kipimo: mwingine hubadilisha ikiwa na tone moja, mwingine huivaa mpaka inaning'inia. Gramu 540 ni zaidi ya nusu lita inayomtoka mtu akiwa kazini, akiwa amekunywa maji kidogo kwa makusudi.

## Zoezi lililokuwa likienda kinyume

Mtaalamu wa fiziotherapia alimlaza chali, akaweka kichwa cha ultrasaundi katikati ya mfuko wa korodani na tundu la haja kubwa, skrini ikaelekezwa upande wake. "Kaza kama unavyokaza nyumbani."

Alivuta pumzi, akaizuia, tumbo likatuna, mishipa ya shingo ikasimama. Kwenye skrini kibofu kilishuka. Tone likatoka kwenye ncha ya uume na kulowesha karatasi ya kitanda. Mtaalamu hakusema neno, alisubiri aone mwenyewe. Mzee aliangalia skrini, akaangalia karatasi.

"Kumbe nilikuwa nausukuma."

Mara mia tatu kwa siku, kwa miezi saba.

Akapewa maelekezo mengine. Asikaze haja kubwa, asizuie pumzi, asibane makalio. Ajaribu kuufupisha uume, kuuvuta ndani, kama mtu anayeingia polepole kwenye maji baridi na maji yamemfika kiunoni. Maneno haya yana uzito kuliko yanavyoonekana. Watafiti waliopima kwa ultrasaundi waligundua kwamba mwanamume akiambiwa aufupishe uume, msuli unaouzunguka mrija wa mkojo hufanya kazi kuliko akiambiwa akaze sehemu ya haja kubwa. Jaribio la tatu lilifaulu: kwenye skrini mrija ulisogea nyuma kidogo, shingo ya kibofu ikanyanyuka, na tumbo likabaki laini. Hakuamini. Tulimrudishia mara tano.

Mara mia tatu zikafutwa. Alipewa mikazo kumi ya kushikilia sekunde nne, kisha mikazo kumi ya haraka, mara tatu kwa siku, akiongeza sekunde kadiri anavyoweza. Jioni apumzike. Msuli uliochoka hauzuii kitu, na kuvuja kwake kwa jioni kulikuwa na sehemu ya uchovu huo. Na kabla ya kila kuinuka, kukohoa au kunyanyua, akaze kwanza ndipo afanye. Hili la mwisho ndilo alilolipenda zaidi, kwa sababu lilimpa jambo la kufanya katika dakika ileile aliyokuwa akiiogopa.

## Maamuzi na sababu zake

Oksibutini ilisitishwa siku hiyo. Hakuwa na ugonjwa ambao dawa hiyo inautibu, na choo kigumu ilichomletea kilikuwa kinamzidishia kuvuja. Maji aliongeza hadi kiasi cha kawaida, akigawanya mchana na kupunguza saa mbili kabla ya kulala. Hili lilimtisha kuliko lolote, tukakubaliana aanze siku za mapumziko. Chooni alianza kwenda kwa saa, akiongeza robo saa kila wiki, kwa sababu kibofu kilichozoea kumwagwa mapema hujisahau kazi ya kushika. Ngozi ilipakwa krimu yenye zinki, na pedi za kike alizokuwa akinunua kwa aibu zikabadilishwa na za kiume zenye umbo la mfuko, zinazokinga pale mkojo unapotokea.

Kwa safari fupi alipewa kibanio cha uume. Kinasaidia, ila kinahitaji nidhamu: kifunguliwe angalau kila baada ya saa mbili, kisivaliwe usiku kamwe, na asipewe mtu ambaye hisia au akili zake haziko timamu. Dawa iitwayo duloksetini ilizungumzwa. Huwasaidia baadhi ya wanaume kwa muda, lakini haikuidhinishwa rasmi kwa tatizo hili kwao na kichefuchefu chake huwashinda wengi. Aliikataa, nasi hatukumsukuma.

Mwezi wa tisa mzani ulisoma gramu 380. Mwezi wa kumi na moja, 300. Mwezi wa kumi na mbili, 290. Nafuu ilikuwa ya kweli, na ilikuwa imesimama. Hapo ndipo mazungumzo ya upasuaji yanapopaswa kufunguliwa. Miongozo ya madaktari wa njia ya mkojo wa Marekani inaruhusu kuyafungua hata kuanzia miezi sita ikiwa hakuna dalili ya nafuu, na inasema asiyepata nafuu kwa mazoezi baada ya mwaka apewe nafasi hiyo. Wagonjwa wengi huachwa na pedi miaka na miaka kwa sababu tu hakuna aliyewaambia kwamba kuna hatua nyingine.

Kamera iliingizwa kwenye mrija: hakukuwa na kovu la kuziba, ila msuli wa mlango ulijifunga upande mmoja na kuacha mwanya upande wa pili. Kipimo cha mgandamizo wa kibofu kilithibitisha kwamba kibofu chenyewe ni kitulivu na kinajaa vizuri, na kwamba anavuja akijikamua.

Njia mbili zilikuwa mezani. Ya kwanza ni mkanda unaopitishwa chini ya mrija wa mkojo kuunyanyua na kuubana. Hauna cha kubonyeza, na huwafaa wenye kuvuja kidogo au kwa kiasi ambao msuli wao bado una nguvu. Ya pili ni mlango bandia: mkufu mdogo uliojaa maji unaozungushwa kwenye mrija, puto la kuhifadhi shinikizo ndani ya tumbo la chini, na pampu inayokaa kwenye mfuko wa korodani. Mtu akitaka kukojoa anabonyeza pampu, maji yanahama kutoka kwenye mkufu kwenda kwenye puto, mrija unafunguka, na baada ya dakika chache mkufu unajijaza na kufunga tena. Si kitu cha majaribio. Cha kwanza kiliwekwa mwaka 1972 na Brantley Scott huko Houston.

Yeye alitaka mkanda. "Sitaki mashine inayoningoja mimi." Tulimweleza kwa ukweli. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2021, uliolinganisha njia hizi mbili kwa wanaume 380, ulikuta kwamba baada ya mwaka mmoja wengi wa pande zote mbili bado walikuwa wakivuja kiasi fulani ukihesabu kila tone: asilimia 87 wa mkanda na 84 wa mlango bandia. Hata hivyo kuvuja kulipungua sana kwa makundi yote na wengi waliridhika, wa mlango bandia zaidi kidogo. Kwa hiyo tulimwomba aache kuuliza "nitapona kabisa?" na aulize "nitaweza kufanya nini ambacho leo siwezi?" Kilichoamua ni ule mwanya uliooneshwa na kamera, pamoja na kazi yake ya kunyanyua: mkanda ungeegemea msuli ambao nusu yake haifanyi kazi. Tulimpa pampu ya mfano aibonyeze akiwa amefumba macho. Vidole vyake viliiweza. Akakubali mlango bandia.

## Upasuaji wa pili na matokeo

Kifaa kiliwekwa mwezi wa kumi na tano, bila tatizo. Huachwa kikiwa wazi kwa takriban wiki sita ili vidonda vipone, na katika wiki hizo mtu huvuja kama zamani. Tulimwambia hilo mara moja, siku ya kutia saini, katikati ya mambo mengine kumi. Wiki ya tatu mkewe alitupigia simu: mzee halali, anasema amechanwa mara mbili bure. Ilibidi aje tumweleze upya, na safari hii tulimwandikia tarehe ya kuwashwa kwa kifaa kwa kalamu nyekundu.

Siku hiyo ilipofika alibonyeza pampu mbele yetu, akakojoa, akasubiri. Kisha akakohoa kwa nguvu, kwa makusudi. Akakohoa tena. Baada ya miezi mitatu mzani ulisoma gramu 8 kwa saa 24. Huvaa pedi moja nyembamba akienda kazini, kwa tahadhari.

Karibu mwaka mmoja baadaye alilazwa kwingine kwa upasuaji wa ngiri. Wakati wa kumwandaa, muuguzi alishika mpira wa mkojo auweke, kama inavyofanywa kila siku. Mkewe ndiye aliyesimama. Alitoa kadi kwenye pochi, akasema hapana, kwanza kifunguliwe. Mpira ukisukumwa ndani ya mlango bandia uliofungwa unaweza kuuchubua mrija, mkufu ukaula na kutokeza ndani, na kifaa chote kikalazimika kutolewa. Walipiga simu kwetu, kifaa kikafunguliwa na kuzimwa kabla ya mpira kuingia, kikawashwa baada ya siku mbili.

## Uchambuzi

Kosa kubwa kuliko yote lilikuwa swali langu la mwezi wa tano. "Mara ngapi" na "wakati gani" yanafanana kwenye fomu, lakini la kwanza lilitupeleka kwenye kibofu na la pili likatupeleka mlangoni. Dakika mbili zaidi zingemwondolea miezi miwili na nusu ya dawa asiyoihitaji.

Mazoezi yananipa shida kuyahukumu. Ningependa kusema skrini ile ndiyo iliyoshusha gramu 540 hadi 290. Lakini katika wiki zilezile tuliondoa dawa, choo kikalainika, akanywa maji, akaanza kukaza kabla ya kunyanyua, na muda nao ulikuwa ukipita. Tena uko utafiti mkubwa wa Uingereza wa mwaka 2011 uliofuatilia wanaume 411 walioondolewa tezi dume na bado walikuwa wakivuja: waliofundishwa mazoezi ana kwa ana na waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu sawa baada ya mwaka, asilimia 76 na 77 wakiwa bado wanavuja. Kwa hiyo sidai kwamba mazoezi yalimponya. Ninachodai ni kidogo zaidi: kumwambia mtu akaze bila kuhakikisha anakaza nini kunaweza kumdhuru, na yeye tulimdhuru. Kufundishwa kabla ya upasuaji, akiwa hana maumivu na bado anaihisi misuli yake, kungekuwa bora. Sasa tunafanya hivyo kwa kila anayepangiwa.

Mzani ulifanya kazi tatu ambazo sikuzitarajia kutoka kwa kitu rahisi hivyo. Ulitupa lugha moja sisi, daktari na mgonjwa. Ulionyesha nafuu pale yeye alipokuwa haioni, maana mtu aliyelowa haoni tofauti kati ya 540 na 380. Na ulituonyesha nafuu iliposimama, tukajua wakati wa kungoja umekwisha.

Kuhusu ndoa yake tulichelewa sana. Alikuwa akivuja wakati wa kufika kileleni, jambo linalowapata wanaume wengi baada ya upasuaji huu, na alidhani ni yeye peke yake duniani. Hakutuambia kwa sababu hatukuuliza, na mkewe alidhani amechukiwa. Kifaa kimelipunguza bila kulimaliza. Wanamwaga kibofu kabla, wanaweka taulo, na wamerudi chumba kimoja.

Kadi ilifanya kazi, lakini ilitegemea mke aliyekuwa macho. Siku atakayoletwa hospitali akiwa hajitambui na mkewe hayupo, kadi iliyo ndani ya pochi haitasema. Tumemshauri avae bangili ya tahadhari ya kitabibu, na anaivaa.

Mlango bandia hauishi milele. Ni kawaida kuhitaji kufanyiwa marekebisho au kubadilishwa, na kadiri miaka inavyokwenda uwezekano huo huongezeka. Hilo alilijua kabla ya kutia saini. Anakuja mara moja kwa mwaka, na kila anapokuja huleta karatasi yenye hesabu ya gramu kwa mwandiko uleule safi. Ya mwisho ilisoma 11.